Mti wa Mheshimiwa Kule Majivuni

Ilikuwapo, na wenye macho wanasema ingalipo, nchi moja iliyoipenda haki mpaka ikaiundia wizara. Nchi nyingine huridhika na mahakama. Hii haikuridhika. Ilikuwa na Wizara ya Haki ya Wazee, Wizara ya Haki ya Barabara, na kubwa kuliko zote, Wizara ya Haki ya Miti na Mazingira, yenye jengo refu la vioo lililojengwa mahali palipokuwa na bustani ya umma. Ndani ya jengo hilo mlijaa miti ya plastiki iliyopanguswa kila asubuhi kwa kitambaa laini, na wageni kutoka ng'ambo walipoiona walikiri kwamba hawajapata kuona serikali inayotunza miti kwa bidii namna ile.

Misitu ya nchi hiyo ilikuwa ikiongezeka kila mwaka. Hilo si jambo la kubishania, kwa sababu lilitangazwa redioni. Mti, kwa mujibu wa sheria, ni mmea uliopandwa na kiongozi mbele ya watu, ukawekewa kibao cha zege chenye jina lake. Mmea mwingine wowote, hata uwe mrefu kama mnara wa simu, uliitwa kichaka. Basi wizara ilihesabu vibao. Na kwa kuwa kibao cha zege hakikauki wala hakiliwi na mbuzi, hesabu ilikuwa ikipanda tu.

Palikuwa pia na kanuni moja ya itifaki ambayo watu wa huko waliionea fahari sana. Mti uliopandwa na kiongozi haukuruhusiwa kumwagiliwa maji na mtu wa cheo cha chini yake. Itakuwaje Waziri apande, halafu kibarua aje nyuma na kopo lake, kana kwamba Waziri hakumaliza kazi? Mti wa Waziri humwagiliwa na Waziri, au na Rais akipata nafasi. Ndiyo maana kila aliyesafiri katika nchi ile aliona kando ya barabara vibao vyeupe vilivyopakwa rangi vizuri, na mbele ya kila kibao kijiti kikavu. Watu walivisalimu vijiti hivyo wakipita, maana huwezi kujua nani anakutazama.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mtaa ulioitwa Majivuni, na huko ndiko alikoishi Bi Somoe Likwata, mke wa Nambuta.

Zamani Majivuni hakukuwa na jivu lolote. Kiwanda cha saruji kilikuwa kilimani, kwenye mji mkuu, lakini vumbi lake likawa linaingia kwenye supu za wakubwa. Ikaundwa tume. Tume ilikula supu hizo kwa muda mrefu, kisha ikagundua kwamba kiwanda kuwa kilimani ni dhuluma, kwani watu wa bondeni wananyimwa manufaa ya viwanda. Kwa jina la haki kiwanda kikahamishiwa bondeni, karibu kabisa na nyumba za watu, ili manufaa yasipate shida ya kutembea.

Nambuta aliajiriwa kujaza mifuko. Alijaza mifuko, na mifuko nayo ikamjaza yeye. Alipoanza kukohoa uji mweupe alipewa cheti cha shukrani, akapewa na mfuko mmoja wa saruji iliyokwisha kuganda, akaambiwa aende nyumbani akapumzike. Kupumzika kwenyewe alikuwa hawezi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na vumbi lilelile, tofauti ni kwamba la nyumbani lilikuwa halina mshahara.

Bi Somoe hakuwa na semina wala mfadhili. Alikuwa na mume asiyelala kwa kukosa pumzi, na hilo lilimtosha. Akaanza kupanda miarobaini na mivinje kwenye kile kiwanja kitupu kilichokuwa kati ya bomba la kiwanda na nyumba. Wanawake wenziwe walimcheka kwanza, kisha wakachoka kufua nguo mara mbili, wakaja na majembe. Miaka ikapita. Miti ikapanda, ikashikana, na vumbi likawa linaishia kwenye majani. Ukisimama upande wa kiwanda uliona msitu mweupe kama uliomwagiwa unga, ukizunguka upande wa nyumba uliona kijani. Nambuta akatandikiwa mkeka kule kwenye kijani, na kwa mara ya kwanza tangu aache kazi akalala usingizi wa mtu mzima, mdomo wazi, akikoroma mpaka majirani wakalalamika. Bi Somoe alikuwa akiwaambia kwamba mkoromo ule yeye kwake ni taarabu.

Shida ilikuwa moja. Kiwanda kilitaka kiwanja kile ili kimwage kokoto zake, na kisheria kiwanja hakikuwa cha mtu, kwa kuwa kilijaa vichaka.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya ruzuku. Wafadhili wa ng'ambo, watu wema wenye majuto mengi, walitoa fedha za misitu ya jamii kwa mitaa iliyoonewa na moshi wa viwanda. Mahali patakapopewa ruzuku, redio ikasema, patakuwa msitu wa jamii kwa mujibu wa sheria, na hakuna kiwanda wala mtu atakayeruhusiwa kupagusa. Bi Somoe alikuwa akimenya mihogo. Alisimama na kisu mkononi.

"Mume wangu," alisema, "tumepona!"

"Tumepona nini?" Nambuta akauliza kutoka mkekani.

"Msitu wanataka. Na sisi msitu tunao!"

Maskini Bi Somoe. Alidhani kuwa na kitu ndiyo njia fupi ya kupewa haki ya kuwa nacho.

Wizara ilimtuma Bwana Pantaleo Kifyatu, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Haki ya Miti Ngazi ya Jamii. Kijana nadhifu, viatu vyake viling'aa hata akiwa amesimama kwenye vumbi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulieleza. Alikuwa ametoka kwenye warsha ya siku nyingi kuhusu mateso ya Majivuni, iliyofanyika katika hoteli moja ya ziwani, mbali kabisa na Majivuni, ili washiriki wasiathiriwe na mada.

"Mama, hongera kwa kuonewa," alisema kwa upole. "Nimesoma habari zenu, nimelia. Sasa nionyeshe eneo la mradi."

"Umesimama ndani yake, mwanangu."

Pantaleo alitazama juu, akatazama kushoto na kulia. "Hapa hapana mti hata mmoja."

"Na huo uliouegemea?"

Pantaleo alijibandua kwenye shina kama aliyeambiwa ameegemea mke wa mtu. "Hiki ni kichaka kirefu, mama. Kibao chake kiko wapi? Nani alikipanda?"

"Mimi."

"Una cheo gani?"

"Mke wa Nambuta."

Pantaleo aliwaza kidogo, kwa haki kabisa. "Hakitoshi," akasema.

Akamweleza kwamba hakuna ugumu wowote. Waziri mwenyewe atakuja kupanda mti wa kwanza, kibao kitawekwa, ruzuku itatoka, na siku hiyohiyo kiwanja kitakuwa msitu. Bi Somoe alifurahi. Pale katikati, alisema, pana uwazi mdogo ambapo mvinje ulianguka, Mheshimiwa anaweza kupanda bila kusumbuka, na kivuli atakipata. Pantaleo akacheka kicheko cha mtu aliyesoma. Mheshimiwa Waziri hawezi kupanda mti kivulini. Nani ataamini kwamba hapa pana tatizo?

Vikakatwa vichaka vichache, vya kumfanya Mheshimiwa apate jua. Bi Somoe alionyesha mwenyewe vipi vikatwe, akichagua vile vilivyopinda. Kesho yake Pantaleo akarudi na mtu wa itifaki. Lazima liwepo turubai la wageni, na turubai haliingii kwenye vichaka. Bi Somoe akauliza kama wageni hawawezi kukaa chini ya vichaka vyenyewe, akaambiwa kuna bajeti ya turubai. Akakubali. Bendi ya jeshi nayo ilihitaji mahali pa kugeukia, kwa sababu bendi isiyogeuka si bendi. Akakubali, kwa sauti ndogo. Likaja suala la magari ya msafara, na helikopta ambayo haikuwa na uhakika wa kuja lakini ilikuwa na haki ya kutegemewa. Usiku hakulala. Alijiambia, bora kubaki na msitu nusu wenye sheria kuliko msitu mzima utakaozolewa na kiwanda. Ni hesabu ambayo watu wengi wenye akili wameipiga, wakapata jibu lilelile.

Upande wa nyumba ulibaki mstari mmoja tu wa miarobaini, ule wa mkeka wa Nambuta. Siku moja kabla ya sherehe akaja mpiga picha wa wizara, akafumba jicho moja, akafumbua, akasikitika. Miarobaini ile, alisema, inaonyesha kana kwamba Majivuni hapakuonewa vya kutosha.

"Huo mstari hapana," Bi Somoe alisema. "Hapo analala mume wangu."

Pantaleo alimshika mkono kama mwana anavyomshika mamake. "Mama, ruzuku hii ni kwa ajili ya huyohuyo mzee. Wafadhili wakiona miti, watasema nyinyi hamna haja ya miti. Mtaa wa jirani wamekwisha kung'oa hata maua. Unataka wao wapewe?"

Bi Somoe akaenda kuukunja mkeka.

Magogo yote yalibebwa na lori la kiwanda, kwa msaada, bila malipo. Kiwanda kiliyatumia kwenye tanuri lake, na juma zima bomba lilitoa moshi mzito wenye harufu ya mwarobaini. Watu wa Majivuni waliuvuta msitu wao kwa pua.

Sherehe ilifana. Mheshimiwa Waziri alifika saa nne baadaye kuliko saa iliyopangwa, na hiyo ilikuwa mapema kwa cheo chake. Fulana zilizotolewa na kiwanda, zenye maneno PUMUA NASI, zilitosha kila mtu aliyekuwa mnene. Mbele alikaa mwakilishi wa wafadhili, mama mmoja mrefu wa ng'ambo aitwaye Bi Ottilie, ambaye alipoona kile kiwanja kitupu chenye visiki vilivyofukiwa mchanga alifuta machozi waziwazi.

"Ndugu wananchi!" Waziri alinguruma. "Nimesimama hapa, nimeangalia huku, nimeangalia kule, nimeona nini? Sijaona kitu! Na kutoona kitu, ndugu zangu, ndio mwanzo wa maono! Hapa palikuwa pori. Palikuwa vichaka. Serikali yenu sikivu imesikia kilio cha jangwa hili, ikasema: jangwa, nyamaza! Kuanzia leo haki ya mazingira si hadithi. Haki ina majani! Haki ina mizizi! Na mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana kimataifa, nitaipanda kwa mikono yangu mwenyewe!"

Makofi yakapigwa. Waziri akavalishwa glovu nyeupe, akakabidhiwa jembe lililofungwa utepe, akaligusisha ardhini mara moja. Mche mmoja wa msonobari uliotoka ng'ambo kwa ndege ukaingizwa kwenye shimo lililochimbwa tangu jana. Akaumwagilia kwa birika la fedha, kiasi cha kikombe cha kahawa. Kibao kikafunuliwa. Kiwanja kikawa msitu.

Bendi ilipokuwa inafungasha, Bi Somoe alimwendea Pantaleo. "Na miche mingine iko wapi, mwanangu? Ya kupanda sisi."

"Hiyo ni awamu ya pili, mama. Kwa sasa ni marufuku mtu yeyote kupanda kitu hapa, jamii isije ikaharibu mradi wa jamii." Alikuwa tayari na mguu mmoja ndani ya gari, gari jipya la ruzuku, lenye picha ya mti mlangoni. "Halafu kuna kajambo kadogo. Eneo hili litabaki msitu maadamu mti wa Mheshimiwa uko hai. Ukifa, sheria inasema jamii imeshindwa kutunza, na ardhi inapewa mwenye kuiweza."

"Nani huyo?"

Pantaleo aliangalia bomba la kiwanda, akaangalia saa yake, akafunga mlango.

Vumbi halikungoja awamu ya pili. Siku ya pili tu lilikuwa juu ya sufuria, ndani ya vitanda, kwenye kope za watu. Nambuta alihamishiwa chumba cha ndani, dirisha likazibwa kwa kanga iliyoloweshwa maji, naye akawa anapumua kama mtu anayenyonya hewa kwa mrija. Hakumlaumu mkewe. Bi Somoe alitamani amlaumu, amtukane hata, apate pa kutua ule uchungu. Mzee yule alikohoa tu na kuomba maji.

Kulikuwa na kiangazi. Mche wa Waziri ukaanza kuinamisha shingo. Kwa sheria ilipasa ungoje Mheshimiwa arudi, na kwa taarifa za wizara Mheshimiwa alikuwa anarudi kila juma. Alichukua posho ya safari, ya chakula, ya kulala na ya kuinama. Ila Majivuni hakuna aliyekuwa amemwona. Bi Somoe hakujua habari za posho, alijua tu kwamba huu mti ukifa kokoto zitamwagwa mpaka mlangoni kwake. Akawa anachota maji bombani kila asubuhi, anamwagilia mchana kweupe, huku akiuzungumzisha kama mtoto wa kambo: hakuupenda, lakini ilibidi ule.

Mti ukanyanyuka, ukachipua. Ukawa mti pekee wa kiongozi ulio hai katika nchi nzima. Habari ikafika magazetini kwamba Waziri ana mkono wa baraka, akatunukiwa shahada ya heshima ya misitu, na Bi Ottilie akaja tena kuushika mti kwa mikono yake. Alimkuta Bi Somoe pembeni na ndoo, akamuuliza, kwa kinywa cha Pantaleo, ni nani anayeutunza vizuri hivi.

"Mimi," alisema Bi Somoe.

Pantaleo akatafsiri maneno mengi, na ndani yake Bi Somoe alisikia "Waziri" mara tatu. Bi Ottilie akafuta machozi, akaahidi ruzuku nyingine kubwa zaidi, kwa ajili ya Waziri kuwafundisha mawaziri wenzake kumwagilia.

Meneja wa kiwanda, ambaye dirisha la ofisi yake lilitazama kiwanja, hakulia. Alikwenda kumshtaki Bi Somoe kwa kosa la kumwagilia mti ulio juu ya cheo chake. Ikithibitika, mti unahesabiwa umenajisika, kibao kinang'olewa, na ardhi inapewa mwenye kuiweza.

Jioni kabla ya kesi Pantaleo alikuja kwa Bi Somoe, viatu vikiwa na vumbi kwa mara ya kwanza.

"Mama, kana."

"Nikane nini? Mtaa mzima umeniona."

"Mtaa mzima hauna cheo. Ukisema umemwagilia wewe, basi Mheshimiwa hakumwagilia. Kama hakumwagilia, zile safari alikwenda wapi? Mama, serikali itaanguka! Na kiwanja kitachukuliwa. Ukisema ni yeye, kiwanja kinabaki chenu. Neno moja tu."

Kutoka chumba cha ndani kifua cha Nambuta kilisikika kikipiga mluzi.

Mahakamani Nambuta alibebwa na majirani kwenye kiti. Hakimu, mwenye wigi lililotoka ng'ambo pamoja na joto lake, akauliza, "Bi Somoe Likwata, ni wewe uliyeumwagilia maji mti wa Mheshimiwa?"

Bi Somoe alimtazama mumewe aliyekuwa akijifuta ute mweupe mdomoni kwa pindo la shati. "Siye mimi," alisema.

"Ni nani?"

"Ni Mheshimiwa."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Meneja aliruka juu akauliza iweje Waziri aje kila juma asionekane na mtu hata mmoja.

"Kutoonekana," hakimu akajibu kwa ukali, "ni sehemu ya unyenyekevu wake." Akaifuta kesi. Kisha, ili uvumi mchafu wa namna ile usitokee tena na heshima ya Mheshimiwa ilindwe daima, akaamuru mti ujengewe uzio wa chuma pande zote na juu, utiwe kufuli, na ufunguo ukabidhiwe kwa Waziri mwenyewe mjini. Askari mmoja awekwe kuulinda dhidi ya maji.

Bi Somoe alishinda kesi. Watu walimpa mkono, naye akauona mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. Alikuwa amesema uongo mbele ya mumewe, mbele ya wanawake waliopanda pamoja naye, na alichokipata ni mti ndani ya kizimba. Siku baada ya siku alisimama pale nje ya vyuma, ndoo mkononi, akiutazama unavyogeuka kahawia kuanzia nchani. Mjini, Mheshimiwa aliendelea kusafiri kuja kuumwagilia. Meneja alikwisha kupanga malori ya kokoto barabarani, madereva wakilala chini yake wakisubiri.

Asubuhi moja Bi Somoe alimpa Nambuta uji, akampangusa, akatoka nje. Hakuita mkutano. Alichukua mtaimbo wa jirani, akaenda nao begani, na wanawake waliomwona namna alivyokuwa akitembea waliacha walichokuwa wakifanya wakachukua ndoo.

"Bibi, ni marufuku!" askari alisema.

"Najua, mjukuu wangu. Sogea nisikuumize."

Kufuli lilistahimili mapigo machache. Bi Somoe akaingia kizimbani, akaumwagia maji ndoo nzima mpaka kibao cha Mheshimiwa kikaloa, akageuka upande wa barabara, upande wa malori, upande wa dirisha la meneja, akapaza sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Ni mimi! Tangu mwanzo ni mimi! Somoe Likwata, mke wa Nambuta! Waziri hajatia mguu hapa! Msitu niliupanda mimi na hawa, na nikauuza kwa makofi mimi peke yangu! Njooni mnikamate!"

Askari alipiga simu wizarani, jasho likimtoka. Wizarani kukawa na kikao cha dharura, maana mara hii kulikuwa na mashahidi wengi, madereva wa malori pamoja nao. Jibu lilirudi upesi kuliko jibu lolote katika historia ya wizara ile. Askari akaliandika kama alivyosomewa: leo asubuhi Mheshimiwa Waziri amefika Majivuni, amefungua kizimba kwa ufunguo wake na kuumwagilia mti, akishangiliwa na kundi kubwa la akina mama.

Pantaleo aliwasili adhuhuri, akimsihi kwa mikono miwili. "Mama yangu, mwagilia. Mwagilia kila siku, hakuna atakayekugusa, mti utapona, malori yataondoka. Ila usipige kelele! Tafadhali. Kimya kimya tu."

"Nilikukubalia kila ulichoniomba, mwanangu," Bi Somoe alisema. "Kila mara ulikuwa na adabu, na mimi nikakubali. Angalia." Akamwonyesha kiwanja kwa mtaimbo. "Sasa nenda ukaandike unachotaka. Mimi nitakuwa nasema, wewe utakuwa unaandika, tuone nani atachoka kwanza."

Jioni ile ile wanawake wakaleta miche, ya mwarobaini na mvinje, iliyoota yenyewe nyuma ya vyoo na kwenye mitaro. Wakaanza kuchimba bila ruhusa. Wizara, iliyokuwa haiwezi tena kumshtaki mtu yeyote pale bila kuulizwa Mheshimiwa alikuwa wapi, ilitangaza redioni kwamba awamu ya pili imeanza kwa kishindo. Malori yaliwasha injini, yakageuza, yakaacha wingu zito la vumbi lililotanda juu ya kila kitu.

Nambuta aliomba atolewe nje aone. Wakamweka mlangoni, pua imefunikwa kwa kanga, macho mekundu. Bi Somoe alikuwa akichimba mbele ya chumba chao, palepale palipokuwa na mkeka. Mzee alimtazama, akauliza, neno kwa neno, kwa sababu ya pumzi:

"Itachukua... miaka mingapi... kuzuia vumbi?"

Mkewe aliegemea jembe. Zamani kidogo angemdanganya, angesema mvua moja, mbili. "Mingi kuliko uliyobakiwa nayo, mume wangu," alisema, na machozi yakamtoka hapohapo mbele ya wenziwe, hakuyaficha.

Nambuta alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaiona ni ya haki. Akanyoosha kidole kwenye nyumba za ng'ambo ya njia, ambako nepi za kitoto zilikuwa zimeanikwa zikigeuka rangi.

"Basi usipoteze... miche hapa," alisema. "Anzia kule."

Bi Somoe akafukia lile shimo kwa mguu, akachukua jembe, akavuka njia.